Opera na matamasha nyumbani: diski, usajili au vya bure?

Anayetaka kuanza kutazama opera na matamasha ya okestra nyumbani huuliza kwanza habari ya chombo: ninunue diski, nijiunge na huduma ya mtandaoni, au nitazame vya bure? Ni swali la haki, na nitalijibu hapa chini kwa tarakimu. Lakini kuna lingine linalolitangulia: aliyeongoza kamera ni nani, na anaujua muziki kiasi gani?

Ukiwa ukumbini, jicho ni lako. Unaweza kumtazama mwimbaji, unaweza kumtazama mpiga ngoma aliyekaa kimya dakika ishirini akisubiri zamu yake. Nyumbani kuna mtu amekwisha kukuchagulia cha kutazama. Onyesho lililorekodiwa lina waongozaji wawili, wa jukwaa na wa kamera, na jina la huyu wa pili huchapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha. Mimi hulitafuta jina hilo kabla sijasoma majina ya waimbaji.

Tazama rekodi ya tamasha la Lucerne, Uswisi, ya mwaka 2010, Claudio Abbado akiongoza simfoni ya tisa ya Gustav Mahler. Kurasa za mwisho muziki unazidi kufifia na taa za ukumbi zinapunguzwa taratibu. Noti ya mwisho ikishazimika hakuna anayepiga makofi kwa muda wa karibu dakika mbili. Abbado amesimama, wapigaji wametulia, na kamera nazo zinatulia. Mwongozaji mwenye wasiwasi angekwenda kutafuta mtu anayelia kule kwenye viti. Na kama rekodi ingekatwa pale noti ya mwisho ilipoishia, tungenyimwa kitu ambacho watu waliokuwamo ukumbini walikwenda nacho nyumbani.

Okestra au opera: uanze na ipi?

Simfoni nyingi za Beethoven au Brahms huchukua dakika thelathini na kitu hadi arobaini na kitu, kwa hiyo unaweza kuitazama moja baada ya kazi na bado ukalala mapema. Opera fupi kama *Tosca* inadai saa mbili bila mapumziko, na za Wagner zinafika saa nne na nusu. Kwa mtu mwenye jioni zilizobanwa, okestra inashinda.

Inashinda pia kwa sababu ni rahisi kuipima kazi ya kamera. Chukua simfoni ya tano ya Beethoven, sehemu ya kwanza. Muda mfupi baada ya ile kauli ya noti nne kurudi kwa kishindo, okestra nzima inanyamaza na obo moja, chombo chembamba cha kupuliza, inaimba peke yake, sekunde chache tu, kama mtu aliyebaki nyuma akizungumza na nafsi yake. Kamera ilikuwa wapi pumzi ya kwanza ya obo ilipotoka? Katika rekodi nzuri ilikwisha kufika kwa mpigaji kabla hajaanza, kwa kuwa pembeni ya mwongozaji wa kamera amekaa mtu anayesoma nota na kutaja mapema chombo kinachofuata. Katika rekodi mbovu unaisikia obo huku ukionyeshwa mgongo wa mpiga fidla, na ukija kuonyeshwa obo imeshamaliza. Rekodi ikishindwa hapo, usitarajie itafaulu kwingine. Nimeacha kutazama rekodi za majina makubwa kwa sababu hiyo moja.

Kuna pia tofauti kati ya tamasha lililonaswa likiendelea na filamu iliyotengenezwa kwa sura ya tamasha. Mwongozaji wa okestra Herbert von Karajan alipiga filamu nyingi za aina hiyo ya pili. Mara nyingi sauti ilirekodiwa kwanza, kisha wapigaji wakapigwa picha wakifuatisha, vyombo vimepangwa mistari iliyonyooka na yeye mwenyewe amefumba macho chini ya taa. Zinapendeza kama picha za ukutani na muziki wake ni wa kiwango cha juu, ila hakuna jambo lolote linaloweza kwenda mrama, na unalihisi hilo. Ziweke mkabala na Carlos Kleiber katika tamasha la Mwaka Mpya la Vienna, 1989. Pale mtu anaongoza kwa nyusi, kwa bega, kwa kuacha kabisa kuongoza na kuwasikiliza. Kati ya hizo mbili ningemshauri mgeni achukue Kleiber bila kusita.

Opera inadai kamera ya tabia nyingine. Kwenye okestra kamera inamfuata anayepiga, lakini kwenye opera mara nyingi anayesikiliza ndiye muhimu kuliko anayeimba. Mwisho wa sehemu ya pili ya *Le nozze di Figaro* ya Mozart, ugomvi unaanza na mume na mke wawili tu, kisha wanaongezeka mmoja mmoja hadi wanafika saba, wote wanaimba kwa pamoja na kila mmoja ana hila yake. Muziki huo unaendelea kama dakika ishirini bila kukatika. Mwongozaji anayeng'ang'ania sura moja moja kwa karibu anaivunja sehemu hiyo vipande vipande; huoni tena nani anamkonyeza nani. Anayerudi nyuma akaonyesha jukwaa zima anakupa kile Mozart alichokiandika.

Kwa hiyo kama una dakika arobaini, okestra. Kama unapenda hadithi na watu, usiogope urefu wa opera: hakuna sheria ya kuimaliza kwa siku moja.

Traviata mbili

Opera ambayo watu wengi huanza nayo ni *La traviata* ya Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1853, nayo ni chaguo zuri. Rekodi zake ni nyingi, na ninazopendekeza ulinganishe ni mbili: ya Royal Opera House, London, 1994, na ya tamasha la Salzburg, Austria, 2005.

Ya London okestra iliongozwa na Georg Solti, jukwaa likiwa la Richard Eyre, na Angela Gheorghiu akaimba Violetta, mwanamke mkuu wa hadithi. Aliimba vizuri kiasi kwamba BBC ilipangua ratiba yake ya jioni ili kulirusha onyesho mbashara. Hapa karamu ni karamu, chumba cha mgonjwa ni chumba cha mgonjwa, na mavazi ni ya karne ya Verdi. Ukiwa hujui hadithi, utaielewa hata maandishi ya tafsiri yakikupita. Upungufu wake ni wa zama zake: picha ni ya televisheni ya zamani, na kwenye skrini kubwa ya leo inaonekana laini.

Ya Salzburg ni jukwaa la Willy Decker, na Anna Netrebko ni Violetta, Rolando Villazón ni Alfredo, mpenzi wake. Karibu hakuna kitu jukwaani: ukuta mweupe uliopinda, makochi, na saa kubwa kuliko mtu. Netrebko amevaa gauni jekundu fupi. Mzee mmoja ameketi karibu na saa tangu muziki wa utangulizi, hasemi neno, na polepole unatambua kwamba ni daktari wa sehemu ya mwisho, na kwamba amekuja kumsubiri huyu mwanamke. Kamera ziliongozwa na Brian Large, aliyerekodi opera nyingi zaidi ya karibu kila mtu wa kizazi chake, na hapa anajua lini aonyeshe ukuta mzima na binti mmoja mwekundu katikati yake, na lini amsogelee hadi uone jasho.

Picha ya Salzburg ni safi zaidi, pana, imerekodiwa kwa teknolojia iliyoizidi ile ya London kwa mbali. Hata hivyo nasema anza na London. Jukwaa la Decker linazungumza na mtu anayejua tayari hadithi itakavyoisha. Yule mzee kwenye saa hakuchomi moyo kama hujui yeye ni nani. Ukiisha kuijua Violetta ya Gheorghiu, nenda Salzburg, na hapo saa ile itakukera kama ilivyokusudiwa.

Jambo moja kuhusu lugha. Tafsiri kwenye skrini mara nyingi huwa za Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Anayetazama na watu wasiozisoma lugha hizo awasimulie hadithi nzima kabla ya pazia kufunguka, pamoja na mwisho wake. Opera haiharibiki kwa kujua mwisho.

Usiku mmoja au nyusiku zilizounganishwa

Diski nyingi za opera hutengenezwa kutokana na maonyesho mawili matatu, kisha huchukuliwa sehemu bora ya kila usiku. Matangazo ya mbashara, kama yale ambayo Metropolitan Opera ya New York ilianza kuyapeleka kwenye kumbi za sinema tarehe 30 Desemba 2006, ni usiku mmoja na yaliyotokea ndiyo yaliyotokea. Mimi nauegemea usiku mmoja. Sauti ikikwaruza mara moja simchukii mwimbaji. Namwamini zaidi noti ya juu inapofuata na kutoka safi.

Matamasha ya muziki wa kisasa yana desturi yake: sauti husafishwa studio baadaye, na wakati mwingine huimbwa upya. Si kosa, lakini ujue unachonunua. Kwa upande wa pili kuna Aretha Franklin akiimba injili kanisani Los Angeles, Januari 1972. Waliopiga picha hawakutumia vibao vya kulinganisha sauti na picha, ikawa haiwezekani kuviunganisha, na filamu ikalala hadi 2018. Hapo unamwona mtu anayeimba kweli, uso umelowa jasho, kwaya nyuma yake ikiinuka vitini. Kama kwenu kuna asiyetaka kusikia habari ya opera wala okestra, mpe hiyo kwanza.

Diski, usajili, vya bure

Sasa chombo. DVD ina mistari 480 au 576 ya picha kutegemea mfumo, na diski yenye tabaka mbili inabeba gigabaiti 8.5. Blu-ray, iliyoingia sokoni 2006, ina mistari 1080 na inabeba hadi gigabaiti 50, na picha yake inaweza kupewa hadi megabiti 40 kwa sekunde. Huduma ya mtandaoni inayokuletea picha kali kwa megabiti 5 kwa sekunde inatumia gigabaiti 2.25 kwa saa. Opera ya saa nne na nusu itakula bando la gigabaiti 10 hivi, tena kila ukiirudia. Diski huilipii mara ya pili.

Lakini tofauti kubwa kati ya diski na mtandao iko kwenye sauti. Blu-ray hubeba sauti isiyopunguzwa hata chembe. Mitandaoni sauti kwa kawaida imebanwa ili ipite haraka, na mahali pa kulisikia hilo ni palepale penye utamu: matoazi yanapogongana, kwaya ya watu themanini inapoinuka kwa pamoja. Huduma chache hutoa sauti ya kiwango cha juu, na zinafaa kutazamwa kwanza.

Diski ina adui mmoja ambaye watu wengi hawamjui. Ukiiweka tu na kubonyeza kucheza, mara nyingi inachagua sauti ya spika tano na moja ya besi. Ukiwa na spika mbili, mashine inazikunja njia hizo zote kuwa mbili, na waimbaji wanarudi nyuma kama wako chumba cha pili. Ingia kwenye menyu, chagua stirio. Ni kitufe kimoja, na onyesho linabadilika.

Usajili nao una nguvu yake, nayo ni wingi. Digital Concert Hall ya Berliner Philharmoniker ilianza 2008. Kamera zao zimefungwa ukumbini na zinaendeshwa kutoka chumba cha pembeni, hivyo hakuna mpiga picha anayezunguka mbele ya hadhira, na kwa kuwa wanarekodi ukumbi uleule msimu baada ya msimu, wanaijua kila kona yake. Kwa okestra sioni wa kuwazidi. Kwa opera, hazina ya video ya Metropolitan inarudi nyuma hadi tangazo lao la televisheni la Machi 1977, Luciano Pavarotti na Renata Scotto katika *La bohème*. Picha imezeeka, sauti za watu wale hazijazeeka. Huduma kama medici.tv inachanganya vyote: okestra, opera, ballet, mashindano ya piano. Mtu asiyejua bado anachopenda atafaidika na mchanganyiko. Anayejua atachoka kukitafuta.

Dosari ya usajili ni kwamba hakuna kilicho chako. Haki za onyesho zikiisha linaondolewa, na ukiacha kulipa unabaki mikono mitupu. Ndiyo maana nashauri watu wajiunge kwa mwezi mmoja wakiwa na orodha mkononi, watazame walichokusudia, kisha wasimamishe. Usajili unaojilipa wenyewe kila mwezi bila kutazamwa hauna maana.

Na vya bure? Visidharauliwe. OperaVision, iliyoanza 2017 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, inaweka maonyesho kamili ya nyumba za opera za nchi nyingi, yana tafsiri, na unatazama bila kulipa. Arte, kituo cha Ufaransa na Ujerumani, nacho kina matamasha na opera, ingawa baadhi hufungwa kulingana na nchi uliyopo. Sharti ni muda: maonyesho mengi hukaa kwa miezi kadhaa kisha hushushwa, kwa hiyo ukiona unalolitaka usiliahirishe. Ubora wa picha wa huko ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Vinavyopaswa kukwepwa ni vile vipande vilivyopakiwa na watu binafsi, vimekatwa katikati ya wimbo, sauti iko kushoto tu.

Mpangilio wangu ni huu: anza na vya bure hadi ujue waimbaji na watunzi wanaokugusa, lipa mwezi wa usajili kwa ajili yao, nunua diski ya lile moja utakalolitazama mara kumi. Mwenye mtandao wa kusuasua aruke hatua ya kati, aende kwenye diski. DVD ya zamani yenye kamera nzuri inaishinda Blu-ray mpya yenye kamera mbaya.

Spika kabla ya skrini

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, iweke kwenye sauti. Skrini ya wastani na spika mbili nzuri zilizoachana hatua chache zitakupa ukumbi. Skrini kubwa yenye spika zake za ndani zilizogeukia ukuta haitakupa. Hedifoni za waya zinafaa sana kwa anayetazama usiku wengine wamelala. Za Bluetooth zina tatizo: sauti huchelewa kidogo kufika. Kwenye mazungumzo huenda usitambue, lakini mtazame mpiga piano: kidole kinashuka, noti inafuata baadaye, na ukishaliona huwezi tena kutoliona. Baadhi ya TV zina mahali pa kurekebisha uchelewaji huo kwenye mipangilio ya sauti. Ukiwa humo, zima ile hali ya usiku inayopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, maana inamfanya mwimbaji anayenong'ona awe sawa na kwaya inayopaza.

Wagner, kwa atakayefika huko

*Der Ring des Nibelungen* ya Wagner ni opera nne, karibu saa 15 za muziki, na ndipo ulinganisho huu wote unapokutana. Rekodi mbili kubwa ziliongozwa kamera na mtu yuleyule, Brian Large. Moja ni ya Bayreuth, ukumbi wa Ujerumani wa opera za Wagner, okestra ya Pierre Boulez na jukwaa la Patrice Chéreau, lililozomewa lilipofunguliwa 1976, mto Rhine ukiwa umegeuzwa bwawa la umeme. Ilirekodiwa 1979 na 1980 ukumbi ukiwa mtupu, kwa hiyo kamera zilikaa zilipotaka na waimbaji wanaigiza kama watu wa sinema. Nyingine ni ya Metropolitan, okestra ya James Levine na jukwaa la Otto Schenk, iliyorushwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1990 usiku nne mfululizo: misitu, miamba, mavazi ya hadithi za kale, na hadhira ipo vitini.

Usianze na opera ya kwanza. Ni saa mbili na nusu zisizo na mapumziko. Chukua sehemu ya kwanza ya *Die Walküre*: takriban saa moja, waimbaji watatu tu, mgeni anaingia nyumba asiyoijua huku mvua inanyesha. Bayreuth ni Peter Hofmann na Jeannine Altmeyer, vijana, wanatazamana kiasi kwamba unaamini kila kitu kabla hawajafungua kinywa. New York ni Gary Lakes na Jessye Norman, na Norman anapofika kwenye noti za juu unasahau kuangalia jukwaa lina nini. Itazame ya Bayreuth Jumamosi na ya New York Jumapili. Ukijikuta umeipenda ya kwanza, tafuta opera zilizorekodiwa kwa ajili ya kamera, na picha nzuri iwe sharti lako. Ukiipenda ya pili, wewe ni mtu wa sauti: nunua spika, na usihofu kabisa rekodi za zamani.